Madirisha ya Ukumbi Mpya: Kwa Nini Korona Ilienea Pahali Pengine na Pengine Isienee

Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, kamati ya ujenzi ilitundika ukutani ramani ya ukumbi wetu mpya. Ni ukumbi wa watu 200, wa mikutano, harusi na semina za vikundi, na siku za wiki utakuwa darasa la chekechea. Ramani ni nzuri na kamati imefanya kazi kubwa. Lakini mama mmoja wa chama cha akina mama aliinuka akauliza, "Mbona madirisha ni madogo hivi, tena ya upande mmoja tu? Watu 200 watapumua wapi?" Fundi akajibu kwamba madirisha makubwa ni ghali, yanataka vyuma vya kuzuia wezi, na mvua huingia. Hapo sauti ikatoka nyuma: "Mama, Korona iliisha zamani." Watu wakacheka. Tuseme ukweli, hata sisi wa ofisi ya maendeleo tulicheka.

Tuliporudi ofisini kicheko kilituisha. Ukutani kwetu bado ipo picha ya kwaya ya mwaka 2019, na katikati ya picha hiyo amesimama mzee wetu mwalimu wa kwaya, ambaye hatunaye tena. Habari yake tutaieleza mbele. Basi tumeona tuandike haya kabla ya mkutano wa pili, kwa sababu swali la yule mama halikujibiwa.

Ni kweli kwamba dharura ilikwisha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo tarehe 5 Mei 2023. Lakini kwisha kwa dharura si kwisha kwa ugonjwa. Virusi vyenyewe vingali vinazunguka, ila sasa miili ya wengi imekwisha kuvizoea kwa chanjo na kwa kuugua. Hapa Kenya hesabu rasmi ya waliokufa ilipita 5,600, na sote twajua kuna wengine waliozikwa bila kupimwa. Twafikiri hasara hiyo yatosha kumfanya mtu aulize ugonjwa ulipitia wapi.

Ndoo na pampu

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikaamriwa shule zifungwe, na kabla ya mwezi kwisha makanisa nayo yalikuwa yamefungwa. Ofisi yetu ilikuwa na fedha kidogo za mradi wa kuku. Kwa ruhusa ya Baba Paroko tulizigeuza, tukanunua ndoo zenye mfereji, sabuni, dawa ya klorini, na ile pampu ya kubeba mgongoni ambayo wakulima hunyunyizia kahawa.

Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa mwezi wa Julai, sheria ilikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Tulitii yote. Vijana walinyunyizia kila benchi dawa kabla ya kila Misa. Mlangoni mtu alipimwa joto, akanawa mikono, akatiwa sanitaiza. Wakati wa kutakiana amani hatukupeana mikono, tuliinamiana tu. Kisha tukiisha kuketi tulifunga madirisha ya upande wa barabara kwa ajili ya vumbi na honi za matatu, tukaimba kwa nguvu zetu zote.

Hatukujua, na si sisi peke yetu tusiojua. Mwanzoni dunia nzima ilihimizwa zaidi habari za mikono na vitu vinavyoshikwa. Baadaye ikawa wazi kwamba njia kubwa ya Korona ni hewa tunayovuta, na kwamba kushika benchi au kitasa cha mlango ni njia ndogo sana. Kuhusu kunyunyizia dawa barabara na masoko, Shirika la Afya Duniani lilionya mwezi wa Mei 2020 kwamba hakusaidii na kwaweza kudhuru watu. Ndoo zetu hatuzijutii, maana kuhara na kipindupindu hupitia mikononi na maji, na ndoo hizo zingali zinatumika pale shuleni. Pampu ndiyo tunaijutia. Pesa yake ingetosha kurekebisha yale madirisha manne ya kanisa yaliyokwama tangu yapakwe rangi, ambayo hayajafunguka hata mara moja kwa miaka mingi.

Fikiria moshi

Kila aliyewahi kupika kwa kuni au kuwasha koroboi ndani ya nyumba anaijua njia ya Korona, ila hajaambiwa kwamba anaijua. Mtu anapopumua, anapoongea, anapokohoa au kuimba, hutoa matone ya mate. Yale makubwa huanguka chini baada ya hatua moja au mbili. Yale madogo kabisa, yasiyoonekana kwa macho, hayaanguki upesi. Yanaelea, yanazunguka, yanajaa chumba kama moshi. Washa jiko la kuni uwanjani na aliye upande wa pili hasikii kitu. Washa jiko hilohilo ndani ya chumba kilichofungwa, na baada ya nusu saa wote mnalia machozi, aliye karibu na moto na aliye kona ya mbali. Kuni ni zilezile. Kilichobadilika ni chumba. (Lakini msije mkajaribu kwa makaa. Hewa ya makaa katika nyumba iliyofungwa huua, na haina harufu ya kukuonya.)

Kwa mfano huu mtu aweza kupima pahali popote bila kuwa daktari. Auliize tu: tuko wangapi humu? Tutakaa kwa muda gani? Tunaongea polepole au tunapaaza sauti? Na hewa, inaingilia wapi na kutokea wapi? Soko la wazi lenye watu elfu moja laweza kuwa salama kuliko chumba chenye watu kumi na wawili waliofunga mlango kwa saa tatu.

Liko jambo jingine lililotuponyoka. Mwenye Korona huweza kuanza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Mtu huyo ukimpima joto mlangoni utamkuta mzima, naye kwa moyo safi ataingia na kuketi katikati yenu.

Kwaya moja na basi moja

Tutoe mifano miwili ya mbali iliyochunguzwa vizuri, kwa sababu mambo ya kwetu mengi hayakuandikwa.

Tarehe 10 Machi 2020, huko Mount Vernon katika jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ndani ya kanisa kwa saa mbili na nusu. Walikuwa wameshasikia habari za ugonjwa. Walitiwa dawa mikononi, wakaacha kukumbatiana na kupeana mikono, sawasawa na sisi. Lakini walikaa karibu karibu, milango imefungwa, wakaimba. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Siku zilizofuata watu 53 kati ya wale 61 walihesabiwa kuwa wagonjwa, yeye akiwamo, na wawili walikufa. Kila mwalimu wa kwaya angepaswa kuijua habari hii. Sisi wenyewe tulikuja kuisoma baada ya kuchelewa.

Mfano wa pili ni wa Uchina, katika jimbo la Zhejiang, mwezi wa Januari 2020. Mabasi mawili yalipeleka watu kuabudu katika hekalu moja, safari ya kama dakika 50 kwenda na 50 kurudi. Basi moja lilikuwa na watu 60, na hakuna hata mmoja aliyeugua. La pili lilikuwa na watu 68, mmoja wao akiwa na virusi bila kujua. Katika basi hilo wagonjwa walifika 24 pamoja naye. Wengine walikuwa wameketi mbali naye kabisa, safu za nyuma na za mbele, kwa sababu mashine ya kupasha joto ilikuwa ikizungusha hewa ileile. Na sikilizeni hapa: kati ya walioketi kando ya madirisha yanayofunguka, aliyeugua ni mmoja tu. Tangu tuisome habari hiyo, hatugombani tena na abiria anayetaka kufungua dirisha la matatu.

Huko Hong Kong nako wataalamu walifuatilia nani alimwambukiza nani katika miezi minne ya kwanza ya mwaka 2020. Waliona kwamba wagonjwa 19 kati ya kila 100 ndio walioanzisha maambukizo 80 kati ya 100. Wengi wa waliobaki hawakumwambukiza mtu yeyote. Je, wale 19 walikuwa watu wabaya? Hapana. Sehemu kubwa ya jambo hilo ni pahali walipokuwa siku ile: harusini, hekaluni, kwenye baa. Mgonjwa yuleyule angekuwa shambani akilima siku hiyo, ugonjwa ungekufa naye pale.

Si ukaidi

Mwaka 2020 tulisikia sana, redioni na hata altareni, kwamba watu wa mitaa ya mabanda ni wakaidi, ati hawasikii, ndiyo maana wanaugua. Hata jarida letu hili lilichapisha maneno ya namna hiyo, nasi tunaomba radhi.

Tuliambiwa tukae nyumbani. Nyumba ni gani? Kwa wengi wetu ni chumba cha futi 10 kwa 10, mabati pande zote, mlango mmoja, na dirisha la ukubwa wa gazeti kama lipo. Wanalala humo watu watano au sita. Usiku mlango unatiwa komeo na tundu lililobaki linazibwa kwa gunia kuzuia baridi na mbu. Choo ni kimoja kwa ploti nzima, na bafu ndilo hilohilo. Maji ni ya kununua kwa jerikeni, na yakipotea bei hupanda mara nne, na foleni huwa ndefu. Katika hali hiyo "kaa nyumbani" maana yake ni kaa na watu sita katika hewa moja.

Mwezi wa Juni 2020 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasiozidiwa, na mgonjwa alitakiwa awe na chumba chake peke yake. Mama mmoja wa jumuiya yetu alituuliza kama choo kinahesabiwa kuwa chumba.

Kwamba makao ndiyo yaliyoamua mambo, hilo lilionekana katika nchi nyingi. Huko Mumbai, India, mwezi wa Julai 2020 watu walipimwa damu katika kata tatu za mji ili ijulikane ni nani aliyekwisha kupata virusi. Kwa wakazi wa mabanda ilikuwa asilimia 57. Kwa wakazi wa nyumba nyingine za kata hizohizo ilikuwa asilimia 16. Mji ni mmoja, serikali ni moja, mahubiri ya redio ni yaleyale. Singapore ni nchi tajiri yenye utaratibu mkali kabisa, na ugonjwa ulizuiwa vizuri katika nyumba za wenyeji, lakini kulikuwa na wafanyakazi wa kigeni kama 323,000 waliolazwa katika mabweni, wengi katika chumba kimoja. Kufikia Desemba 2020 karibu nusu yao walikuwa wamekwisha kupata virusi. Hakuna anayeweza kusema watu hao walikuwa wakaidi. Walifungiwa humo mabwenini wasitoke.

Na kwetu? Watafiti walipopima damu za watu waliokuwa wakitoa damu kwa hiari kati ya Aprili na Juni 2020, walikadiria kwamba asilimia 8 ya watu wa Mombasa na asilimia 7.3 ya watu wa Nairobi walikuwa wamekwisha kupata virusi, na nchi nzima ni asilimia 4.3. Mwezi wa Novemba mwaka huo walipita nyumba kwa nyumba hapa Nairobi wakaona ni kama mtu 1 kati ya 3. Wakati huo hesabu rasmi ya wagonjwa wa Kenya nzima ilikuwa haijafika laki moja. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umepita katikati yetu kimyakimya, ukiwaacha vijana wengi bila dalili na kuwachukua wazee. Kwa chumba kimoja, babu na mjukuu hawana jinsi ya kutengana.

Halafu kuna tumbo. Kabla ya Korona, ukiwaacha wakulima wadogo, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wenye kazi nchini walikuwa katika jua kali, biashara ndogo na vibarua. Mama anayefulia watu nguo akiamka anakohoa hana likizo ya ugonjwa. Asipokwenda, leo hakuna unga, na kesho kazi yake amepewa mwingine. Basi anameza tembe mbili, anajifunga kitambaa usoni, anapanda matatu. Tena mwanzoni wale waliopelekwa karantini kwa lazima walidaiwa gharama za kulala na kula, na majirani waliwanyoshea vidole waliporudi. Nani angejipeleka kupimwa? Twawaomba wanaosema kwamba maskini wanaficha magonjwa wajiulize kwanza, angejitokeza angepata nini?

Kafyu na matanga

Hatuandiki haya kuwalaumu wenye mamlaka kwa kila jambo. Hali ilikuwa ya kutisha na kila nchi ilipapasa gizani. Lakini sheria nayo hujenga mazingira, na mengine yalikuwa mabaya kuliko yale yaliyokusudiwa kuondolewa. Tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu ya saa moja usiku. Kule kivuko cha Likoni, Mombasa, watu waliotoka kazini walisongamana kungoja feri wafike nyumbani kabla ya saa hiyo. Polisi wakaja na marungu na gesi ya machozi, na umati mzima ukawa unakohoa na kupangusa macho. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili, watu walikanyagana Kibera katika ugawaji wa chakula. Waliogawa walikuwa na nia njema. Wangepeleka chakula hicho mlango kwa mlango kupitia jumuiya na wazee wa mtaa, wasingekusanya watu pahali pamoja.

Matatu za watu 14 ziliamriwa zibebe 8, na hilo lilikuwa jambo la maana. Ila nauli ilipanda, na waliokosa nauli walitembea. Kutembea, kwa kweli, kulikuwa salama zaidi.

Sasa tufike kwa mzee wetu. Mwisho wa Machi 2021, katika wimbi la tatu, kafyu ya Nairobi na kaunti nne za jirani ilirudishwa hadi saa mbili usiku, na ibada za pamoja zikasimamishwa. Wiki ya pili ya Aprili tulifiwa na mama wa mmoja wa viongozi wa jumuiya. Mazishi yalikuwa yamewekewa idadi ya watu, lakini nani angemwacha mfiwa peke yake? Kwa kawaida yetu matanga hufanywa uwanjani, chini ya turubai, watu wakiota moto. Safari hii tuliogopa kuonekana na polisi wa doria. Kwa hiyo tuliingia ndani, watu kama ishirini katika sebule moja, jioni tatu mfululizo. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tulifunga mlango, tukashusha mapazia, na mtu mmoja wetu akaziba chini ya mlango kwa blanketi ili sauti za nyimbo zisitoke nje. Tulisali Rozari, tukaimba. Mzee wetu ndiye aliyeanzisha kila wimbo, kama alivyofanya kwa miaka yote.

Baada ya siku tano hivi kikohozi kilianza. Tukihesabu sasa, tisa kati yetu waliugua, wengine kidogo tu. Mzee alipelekwa hospitalini akihema, akapimwa, akakutwa nayo. Alikaa siku sita kwenye oksijeni. Hatuwezi kuapa kwamba aliupata ugonjwa katika sebule ile, kwa sababu mtaani ulikuwa kila pahali. Lakini sisi ndio tuliofunga mlango, na blanketi lile lilikuwa la ofisi hii.

Uwanja ulikuwa hapo nje, hatua kumi. Turubai tulikuwa nalo. Kama wakati ule chifu, polisi na viongozi wa makanisa wangekaa pamoja wakasema matanga yaruhusiwe nje, watu wachache, mapema jioni, bila kujificha, twaamini wengi wangetii. Katazo lisiloacha njia halali ya kumlilia marehemu liliwapeleka watu pahali pabaya zaidi. Twalisema hili ili lishikwe siku nyingine, maana magonjwa ya hewa yatakuja mengine.

Tena kwa madirisha

Mwaka 2007 ulitoka utafiti uliofanywa katika hospitali za mji wa Lima, Peru, kuhusu kifua kikuu, ambacho nacho hupita katika hewa. Watafiti walipima hewa katika vyumba vya namna mbalimbali. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa, kuliko vyumba vya kisasa vya mashine vilivyowekewa kiwango cha mara 12. Na majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yaliyashinda majengo mapya. Mafundi wa zamani hawakuwa wajinga. Liangalieni kanisa letu la kwanza, lile lililogeuzwa ghala: paa liko juu, madirisha yako pande mbili yanatazamana, na chini ya paa kuna matundu. Hata mchana wa Februari ukiingia humo unasikia upepo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba katika majengo ya watu wengi kila mtu apate angalau lita 10 za hewa safi kila sekunde. Tupige hesabu ya ukumbi wetu. Watu 200 mara lita 10 ni lita 2,000. Kwa jerikeni za lita 20, hizo ni jerikeni 100 za hewa kila sekunde, ziingie na zile za zamani zitoke. Madirisha matatu madogo ya upande mmoja hayawezi kazi hiyo, hata yakifunguliwa yote. Hewa haina budi kuwa na pa kuingilia na pa kutokea, kama maji ndani ya mfereji. Upande mmoja ukizibwa, imesimama.

Tumezungumza na fundi tena, naye ni mtu wa kusikia. Anasema madirisha yakiwekwa pande mbili kutazamana, na safu ya matofali ya matundu ikipita juu karibu na paa pande zote, hewa itapita hata usiku yakiwa yamefungwa. Matofali hayo hayahitaji vyuma, wala mwizi hapiti. Kuhusu mvua, paa litokeze nje futi tatu liwe baraza, nalo litawafaa watoto wa chekechea wakati wa jua. Gharama itaongezeka, hatufichi. Lakini katika makadirio ya kamati mna fedha za dari ya mbao na vigae vya sakafu. Sisi twaona dari ndiyo iachwe. Dari hiyo itashusha chumba, itaongeza joto, na panya watakaa humo. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri inatosha kwa sasa.

Watoto wa chekechea watakaa humo saa nne kila siku. Korona si ugonjwa wao mkubwa. Lakini surua, mafua makali na kifua kikuu hupita njia hiyohiyo, na mwalimu anayekohoa miezi miwili kabla ya kwenda kupimwa tumeshamwona katika mtaa huu.

Kwa ndugu zetu wenye ploti, ambao ni wengi katika parokia hii, tuna ombi. Tundu la futi moja kwa mbili juu ya mlango, na jingine kwenye ukuta wa nyuma, yote yakitiwa wavu wa mbu na nondo mbili, si gharama ya kumshinda mwenye vyumba ishirini vya kupangisha. Fundi wetu yuko tayari kuwaonyesha namna ya kukata mabati bila kudhoofisha ukuta. Na kwaya imekwisha kukubali kwamba mazoezi ya Jumatano, mvua isiponyesha, yatafanywa nje chini ya mti.

Ramani zote mbili, ile ya kwanza na hii ya pili, zipo ofisini kwetu pamoja na bei za kila moja. Zitabaki ukutani hadi Jumamosi, na kila mtu aje azione, hata asiyesoma ramani ataelezwa. Mkutano ni Jumapili baada ya Misa ya pili, na safari hii tutaufanyia nje. Fundi atakuwapo. Yule mama wa swali la kwanza tumemwomba aanze yeye kusema.